Hatua Themanini na Tano

Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara, na huko ndiko linakokaa. Mtaani wote walimwita Bi Reki, kwa sababu tangu halmashauri imwajiri kutunza bustani ya mtaa, hakuna aliyewahi kumwona bila reki mkononi. Wapo walioapa kwamba hata kwenye harusi ya jirani yake aliingia nayo, akaiegemeza ukutani nyuma ya kiti. Mwenyewe alikana kabisa. Alisema siku ile alikuwa na ufagio tu.

Mtaa wenyewe ulichorwa na mtu ambaye, kwa dalili zote, hakuwa na nia ya kuishi humo. Nyumba zilipangwa safu kwa safu, zote zikitazama upande mmoja, kila dirisha la jiko likichungulia choo cha jirani. Bustani iliwekwa chini bondeni, kwa kuwa bondeni hapajengeki. Kituo cha basi kikawekwa juu barabarani, kwa kuwa basi haliteremki bondeni. Katikati palibaki uwanja mtupu wa mita sitini na mbili, ambao haukuwa na kazi nyingine ila kuwachoma watu nyayo. Na tukisema kituo, msomaji asidhani kulikuwa na paa au benchi. Kilikuwa nguzo moja ya chuma yenye kibao, na kibao chenyewe kilikuwa kimefutika.

Bi Reki aliishi katika nyumba ya vyumba viwili iliyo langoni mwa bustani, aliyopewa na kazi. Watoto hakujaaliwa, mume alikwisha kutangulia, na katika ukoo mzima alibakiwa na mtu mmoja: dada yake, aliyemzidi miaka kumi na miwili na maneno elfu kumi na mbili. Dada huyu alikuwa opereta wa simu enzi zile simu zilipounganishwa kwa mkono. Namba zote za mji alikuwa nazo kichwani, na hata baada ya kustaafu hakuzitoa. Macho yalimpungukia mwaka hadi mwaka, lakini ulimi ulizidi kunoleka.

Waliwahi kujaribu kuishi pamoja. Walimaliza siku tisa. Siku ya kumi Dada alifunga virago, akasema nyumba inanuka samadi na mdogo wake anakoroma kama mashine ya kusaga. Wakaafikiana kwamba atakuwa anakuja kila Alhamisi kwa basi la saa nne, ale, akosoe, kisha arudi kwake na basi la saa kumi. Mpango huo ulidumu miaka mingi, na Bi Reki aliyelalamika kuhusu Alhamisi wiki nzima ndiye aliyeamka Alhamisi alfajiri kupika.

Sasa, miaka kumi na mitano iliyopita, Alhamisi moja ya jua kali, Dada alishuka kwenye basi, akaukata ule uwanja mtupu, akafika mlangoni ametota jasho. Akaketi kwenye ngazi dakika kumi bila kusema neno. Dada kunyamaza dakika kumi! Bi Reki aliogopa kuliko angemkuta amezirai. Siku ile ile, mara tu Dada alipoondoka, aliandika barua kwa Idara ya Bustani kuomba miti ipandwe kutoka langoni hadi kituoni, ili mtu ashuke kwenye basi aingie kivulini.

Idara ya Bustani ilijibu baada ya miezi mitatu: uwanja ule si wao, ni wa Barabara. Akawaandikia Barabara. Nao wakajibu baada ya miezi mitano: mambo ya miti si yao, ni ya Bustani. Bi Reki aliziweka barua zote mbili ubavu kwa ubavu mezani, akazisoma mara tatu, akaelewa jambo ambalo wenye barua hawakulielewa. Kama uwanja si wa hawa na miti si ya wale, basi mtu akipanda mti uwanjani hajamgusa yeyote.

Mvua zilipoanza akapanda mwarobaini wa kwanza, mita tano kutoka langoni. Mwaka uliofuata akapanda wa pili, mita tano kutoka ule wa kwanza. Hakuwa na pupa. Miti kumi na moja ikichomoza kwa mpigo, ofisi nzima itateremka na magari. Mti mmoja kwa mwaka, hakuna anayehesabu. Hivyo ndivyo alivyodhani. Na alikuwa na siri ya ziada, ambayo tunaitoa hapa bure: ukipanda mti bila ruhusa, fagia chini yake siku hiyo hiyo. Mti uliofagiliwa huonekana wa serikali.

Kwa mwendo huo bustani ikapanda mlima polepole hadi ikakaribia kituo, na mkuu wake wa kazi, aliyekuja kukagua mara mbili kwa mwaka, hakugundua lolote zaidi ya kwamba mahali pa kuegesha gari lake pamekuwa pazuri. Alipofikisha mti wa kumi na moja Bi Reki alisimama. Mbele palikuwa na mtaro na kingo ambazo watu wa Barabara walikuja kuzipaka rangi kila mwaka, na hao walikuwa na macho. Miaka minne ikapita bila mti mpya.

Dada hakuambiwa. Angeambiwa kwamba miti ile ilipandwa kwa ajili yake, angelitumia jambo hilo kila Alhamisi mpaka kiama. Kwa hiyo alipofika na kusema, "Mdogo wangu, miti yako inadondosha majani hovyo," Bi Reki alijibu tu, "Si yangu, dada, ni ya halmashauri," na kumwekea chakula.

Watu wa mtaa hawakuuliza miti ni ya nani. Waliingia chini yake wakatulia. Hapo ndipo ilipozaliwa foleni ya vitu. Kwa kuwa kivuli kilikuwa hatua chache kutoka kwenye nguzo, na kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayesimama juani ilhali kivuli anakiona, kila mtu alikuja asubuhi na kitu chake, akakiweka kwenye mstari unaoanzia nguzoni, akaenda kuketi chini ya mti. Basi likitokea, walinyanyuka, kila mmoja akasimama penye kitu chake, wakapanda kwa zamu bila kusukumana. Fundi mwashi aliweka tofali. Mwalimu aliweka kopo la chaki. Muuguzi aliweka mkebe wa maziwa, fundi magari betri iliyokufa, na kinyozi kandambili ya mguu wa kushoto. Jioni kila mtu alirudi na chake nyumbani. Kinyozi aliwahi kuweka kandambili zote mbili akidai nafasi ya pili ni ya mkewe. Bi Reki, ambaye kwa sababu ya reki yake alihesabika kuwa hakimu, aliamua papo hapo: "Kandambili mbili, mtu mmoja." Hakuna aliyekata rufaa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka halmashauri ilipotaka kujua ni vituo gani vina abiria na vipi havina. Ikamtuma karani na fomu. Fomu ilisema: kila ifikapo robo saa, hesabu watu waliosimama ndani ya mita tano kutoka kwenye nguzo. Karani alikuwa mtiifu. Aliketi ndani ya gari ng'ambo ya barabara, vioo juu, kipoza hewa kikimpulizia usoni, macho kwenye saa. Kila ilipofika robo aliinua kichwa, akatazama mita tano zake, hakuona mtu, akaandika. Mabasi, kwa bahati mbaya, yalikuja katikati ya robo, na wakati huo karani alikuwa akisoma gazeti. Siku tatu nzima. Mwisho akajaza: "Abiria wanaongoja: hakuna. Takataka kituoni: nyingi, nazo zimepangwa."

Bahasha iliyofuata kumfikia Bi Reki ilikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilisema kituo kitaondolewa mwisho wa mwezi kwa kukosa abiria, na mabasi yatakuwa yakiishia njia panda, karibu kilomita mbili kutoka pale. Ya pili ilikuwa onyo kali kwa mfagiaji kwa kuachia takataka kituoni.

Ya pili ilimchekesha. Ya kwanza ilimkata maini. Kilomita mbili, kwa macho ya Dada na magoti ya Dada! Alhamisi ile alimgusia kwa mbali, huku akimpakulia.

"Wakikihamisha, dada, tutakutafutia pikipiki ikuchukue njia panda."

"Sipandi chombo ambacho dereva wake ananiita bibi," Dada akasema. "Kikihamishwa ndiyo basi tena, mdogo wangu. Utakuwa unanipigia simu."

Alisema hivyo akiwa anatafuna, wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana Bi Reki alijua hatanii. Usiku huo alilala jicho moja.

Mtu atauliza: si angekwenda ofisini akasema watu wapo, ila wanakaa chini ya miti? Ndiyo, angesema. Nao wangeuliza: miti ipi? Kwenye mchoro wa halmashauri hapakuwa na mti hata mmoja katika ule uwanja. Angekuwa amejipeleka mwenyewe: kupanda miti kumi na moja kwenye ardhi ya Barabara, kwa miche ya Bustani, imebaki miezi minane astaafu. Miti ingekatwa, naye angeondoka bila kiinua mgongo. Akiisema miti, anaikosa miti. Asipoisema, anamkosa Dada.

Akaona njia ni moja. Wakazi waliandika barua ya malalamiko, wote wakaweka sahihi, na halmashauri ikakubali kuhesabu upya Alhamisi, kuanzia saa moja asubuhi. Jumatano jioni Bi Reki aliwakusanya bustanini.

"Kesho," akasema, "hakuna kukaa kivulini. Mtu na kitu chake, wote wawili nguzoni. Jua litawaka, litawapiga, mtavumilia. Mnanisikia?"

"Tunakusikia!"

"Kinyozi?"

"Mimi nitasimama mpaka nikauke, Bi Reki. Niamini."

Alhamisi saa moja kasoro walikuwa wamejipanga, watu thelathini na wanane, wamenyooka kama misumari. Hata waliokuwa hawana safari walikuja kusaidia kuwa wengi. Mabasi mawili yalipita wakayaachia yaende. Saa moja ikafika, halmashauri haikufika. Saa mbili ikafika. Jua likapanda, likaanza kazi yake. Wa kwanza kuondoka alikuwa kinyozi, aliyesema anakwenda kumsalimia mtu chini ya mti na atarudi sasa hivi. Muuguzi akasema kitaalamu si vizuri kichwa kuchomwa zaidi ya saa moja. Mwalimu akasema anaenda kuwarudisha wale waliokwenda, naye akakaa. Fundi mwashi naye alisita. Aliangalia tofali lake, akaangalia kivuli, akaondoka kimyakimya kama mtu anayetoka kwenye mkutano. Saa tatu kamili, gari la halmashauri liliposimama, nguzoni palikuwa na mstari mrefu wa vitu thelathini na vinane, na Bi Reki peke yake, reki mkononi, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Alishuka yule karani, na nyuma yake mpangaji miji, mwanamke wa makamo aliyevaa buti zenye vumbi na kubeba mchoro uliokunjwa kwapani. Karani akatazama saa yake, akatazama mita tano zake.

"Mmoja," akasema, akiandika. "Naye ni mfagiaji."

Bi Reki aliiegemeza reki kwenye nguzo. Miaka yote alikuwa mtu wa kutenda chinichini, lakini kuna wakati hata chinichini huisha. Aliinama, akanyanyua tofali, akaliinua juu.

"Hili la nani?"

"Langu!" sauti ikatoka kivulini.

"Simama! Njoo ulishike!"

Fundi mwashi akaja, amenywea kwa aibu, akasimama penye nafasi yake. Bi Reki akanyanyua kopo la chaki. "La nani?" "Langu!" Akanyanyua mkebe, akanyanyua betri kwa mikono miwili, akanyanyua mwavuli usio na kitambaa, pasi bila waya, mguu wa kiti. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe akaja mbio. Alipofikia kandambili kinyozi alikuwa tayari anakimbia, mguu mmoja peku, akiruka kwa jinsi lami ilivyomchoma, na watu wote wakacheka mpaka karani akacheka. Walipokwisha, mstari wa takataka ulikuwa umegeuka kuwa watu thelathini na wanane.

"Andika," mpangaji miji akamwambia karani.

"Lakini walikuwa nje ya mita tano, madam."

"Vitu vyao vilikuwa ndani. Hawa ni abiria. Andika thelathini na wanane."

Watu wakapiga vigelegele. Bi Reki aliichukua reki yake, akaiegemea kwa furaha. Kituo kimepona! Lakini mpangaji miji hakuondoka. Jua lilikuwa kali, karatasi nyeupe inaumiza macho, kwa hiyo alifanya alichofanya kila mtu: akaingia chini ya mti ili aufungue mchoro wake. Akautandaza chini, akaukandamiza pembe kwa mawe, akautazama. Akainua macho juu kwenye matawi. Akautazama tena.

"Mama," akaita. "Hebu njoo."

Bi Reki akaenda. Furaha yote ikawa imemshuka hadi kwenye visigino.

"Hapa tulipokaa, mchoro unasema hakuna kitu. Kutoka kituoni mpaka lango la bustani ni uwanja mtupu, mita sitini na mbili. Hii miti imetoka wapi?"

Jibu lilikuwa tayari tangu miaka mingi, likingoja siku yake.

"Ndege," Bi Reki akasema.

"Ndege?"

"Mwarobaini, mwanangu, huota hovyo. Ndege anakula tunda kule bondeni, anaruka, anadondosha mbegu. Mimi kazi yangu kufagia."

Mpangaji miji alisimama, akatazama safu ya miti kutoka juu hadi langoni. Ilikuwa imenyooka kama uzi. Alitoa kamba yake ya kupimia, akapima kutoka mti hadi mti. Mita tano. Akapima wa pili. Mita tano. Akapima wa tatu.

"Hawa ndege," akasema taratibu, "wana kamba kama yangu?"

Bi Reki alifungua mdomo kujibu, na huenda angejibu vizuri, maana alikuwa hodari. Lakini wakati huo basi la saa nne liliwasili. Mlango ukafunguka, na akashuka Dada, mkoba begani, fimbo mkononi, akianza kuhesabu kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akifanya kila Alhamisi pasipo mtu wa kumsikia.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

Watu wakampisha. Fimbo ikagonga mtaro, ikaupita.

"...saba, nane." Fimbo ikagonga shina la mti. "Nane! Bado nane! Mdogo wangu, uko hapo? Nanusa samadi."

"Niko hapa, dada," Bi Reki akasema kwa sauti nyembamba. "Tuna wageni wa halmashauri."

"Vizuri, na wao wasikie. Mimi nimechoka na hii nane. Mwaka wa kwanza nilitembea hatua themanini na tano juani, mpaka langoni. Mwaka wa pili nikakuta kijiti, sabini na nane. Uliofuata, sabini na moja. Sitini na nne. Hamsini na saba. Kila mwaka zinapungua saba, kila mwaka mti mpya. Tumekuja hivyo mpaka nane. Halafu? Miaka minne sasa, nane! Umezeeka au umezembea?"

Kinyozi alijifanya anatafuta kitu ndani ya kandambili yake. Dada, asiyeona nyuso za watu, aliendelea.

"Mnadhani sijui? Huyu ananiambia miti ya halmashauri. Halmashauri gani inayokumbuka magoti ya mtu? Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe. Miaka kumi na mitano nasubiri! Mkaidi kama marehemu mama."

Bi Reki alikuwa ameinamisha kichwa. Siri yote ilikuwa imemwagwa hadharani, na aliyeimwaga ndiye aliyefichwa siri hiyo. Alipaswa kuogopa, na aliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, kilichomfanya afute macho kwa mkono wa shati. Kumbe kila Alhamisi, wakati yeye anapika akidhani hakuna ajuaye, mtu alikuwa akishuka kwenye basi na kuihesabu kazi yake hatua kwa hatua.

"Ndiyo," akamwambia mpangaji miji. "Si ndege. Ni mimi. Niandike."

Mpangaji miji hakuandika mara moja. Aliketi kwenye mzizi, akavua kofia.

"Mama, mimi miaka mitatu nakaa kwenye vikao," akasema. "Kikao cha kuunganisha vituo vya basi na bustani. Kikao cha kupitia kikao. Tumechora barabara za waenda kwa miguu, tumechora vivuli kwa kalamu ya kijani. Mti hata mmoja hatujapanda, kwa sababu hatujajua ardhi iliyo katikati ni ya idara gani." Akatazama safu ile hadi chini, kule ambako lango lilikuwa likionekana dogo mwisho wa kivuli. "Nikiandika kwamba miti hii ilipandwa na mtumishi, lazima nieleze kwa idhini ya nani. Kitaanza kikao. Mwisho wa kikao itakatwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini miti iliyoota yenyewe haina wa kuulizwa. Miti iliyoota yenyewe naichora tu, kwa kuwa ipo." Akachukua kalamu, akalala kifudifudi karibu na mchoro wake, akachora duara kumi na moja ndogo, kwa mstari. Chini yake akaandika kwa mwandiko wa kiofisi: "Uoto wa asili. Mbegu zimeletwa na ndege. Uhifadhiwe." Karani akasaini kama shahidi, akiwa amekaza uso kwa nguvu zake zote.

Alipokwisha kukunja mchoro alimgeukia Bi Reki.

"Ukiwaona hao ndege, mama, waambie wamebakiza mmoja. Pale, kati ya mtaro na nguzo. Watu wa Barabara nitazungumza nao mimi."

Alhamisi iliyofuata Dada alishuka kwenye basi la saa nne. Akanyoosha fimbo, akapiga hatua.

"Moja," akasema, na fimbo ikagonga kijiti kilichoshikizwa na ufito mkavu, udongo wake bado umelowa, na chini yake pamefagiliwa. Akasimama. Akanyoosha mkono, akapapasa juu, akashika majani matano au sita, laini, yasiyofika hata begani kwake.

"Kivuli kiko wapi?"

"Kitakuja, dada. Miaka mitatu hivi, minne."

Dada alitimiza mwaka wa sabini na moja mwezi ule. Bi Reki aliingoja kauli yake, akijua atapewa vidonge vyake. Lakini Dada aliinama, goti likalia, akapapasa chini hadi akapata jiwe kubwa kama ngumi. Akaliweka kando ya shina lile jembamba, akalikandamiza likae vizuri udongoni, akajinyoosha.

"Hilo langu," akasema. "Nimeshika foleni. Mtu asiliguse."